Je, wajua kwa nini mwanasaikolojia hakimbilii kukufariji?

Ukifiwa Mtwara au Lindi, hukosi wa kukupa pole. Jamvini utaambiwa "kazi ya Mungu haina makosa", na wengi hupata nguvu za kweli katika neno hilo. Ila mwanasaikolojia hatalitanguliza, hata kama naye analiamini. Kwa nini?

Kwa sababu maana ya uchungu haikai ikiletwa na mtu mwingine. Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyefungwa katika kambi za Wanazi kuanzia 1942 hadi 1945, aliamini kwamba daktari hampi mgonjwa maana ya maisha, bali humsaidia kuiona. Aliitafuta katika kazi ya mtu, katika awapendao, na katika namna anavyoyabeba mateso yasiyoepukika. Neno "yasiyoepukika" lina uzito. Mwanamke anayepigwa nyumbani hahitaji kutafutiwa maana ya kipigo. Anahitaji kutolewa hatarini kwanza.

Tuchukue mfano wa mjane wa Tandahimba. Mumewe kafariki Machi. Juni imefika, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, unanyemelea maua ya mikorosho, mashine ya kupulizia salfa imeegemezwa ukutani na yeye hawezi kuigusa. Mwanasaikolojia anamuuliza:

"Mama, ukiitazama ile mashine, mwilini unahisi nini?"

"Kifua kinabana, mwanangu."

"Hapo unachokikosa zaidi ni nini?"

"Alikuwa ananiamsha alfajiri, umande haujakauka. Tunakwenda wote."

Kumbe kinachouma si mashine wala hela ya korosho. Ni ile safari ya wawili. Uchungu umeonyesha kwa kidole kitu anachokithamini, na hapo ndipo kazi inapoanzia. Angalia pia kwamba ameulizwa "nini". "Kwa nini" humfanya mtu ajitetee, au aanze kutafuta mchawi.

Kisha huja hatua moja ndogo yenye siku na kiasi: Jumamosi alfajiri, mikorosho mitano, akiwa na mjukuu wake. Iwe ndogo hata siku mbaya iwezekane. Kikao kijacho kinaanzia hapo. Kama hakwenda, hatua ilikuwa kubwa mno, inapunguzwa, halaumiwi.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye haraka. Wiki za mwanzo mtu anahitaji usingizi, chakula na watu wa kukaa naye, na akiulizwa msiba umemfundisha nini atajiona anadharauliwa. Kosa jingine ni kuizima hatia kwa "usijilaumu". "Ningemuwahisha hospitali" nayo ni maana aliyoipa kifo, ila inamla. Heri aulizwe taratibu: siku ile ulijua nini, na nini umekijua baadaye? Watu wengi hawajawahi kuzitenganisha siku hizo mbili.

Na akisema anatamani kumfuata marehemu, mazungumzo ya kutafuta maana yanasimama hapo hapo. Anaulizwa wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Haachwi peke yake, viuatilifu vyote vinaondolewa nyumbani, na siku hiyo hiyo anapelekwa hospitali, iwe Ligula kwa walio Mtwara au Sokoine kwa walio Lindi.