Pipa la mboji si jalala: maelezo kwa wakazi wa Ilemela na Nyamagana, Mwanza

Kila vuli inapokaribia, ofisi yetu hupokea malalamiko ya majirani kuhusu mapipa ya mboji. Mwaka huu yameanza mapema, na mengi yanatoka mitaa ya milimani: Mabatini, Igogo, Bugarika. Walioanza kutengeneza mboji walikuwa na nia njema na tunawapongeza. Nzi hawaangalii nia.

Kuhusu chombo, pipa la plastiki la lita 200 lililokwisha kutumika linatosha kaya ya kawaida, mradi halikubeba kemikali wala viuatilifu. Likiwa bado linanuka dawa, liache hata kama muuzaji amepunguza bei. Toboa matundu ubavuni kwa chuma cha moto na hakikisha lina mfuniko. Mfuniko uliobonyea uugeuze, kwa sababu maji yakituama juu yake, mbu wanakua ndani ya wiki moja au mbili.

Mwenye uwanja mkubwa, kwa mfano Buswelu au Buhongwa, afikirie sanduku la mabanzi lenye mita moja kila upande. Lundo la ukubwa huo ndilo hupanda joto hadi nyuzi 55 na zaidi, joto linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi. Pipa huwa halifiki huko, hivyo magugu yenye mbegu yasiingie humo.

Kwenye udongo, kata kitako cha pipa ili minyoo ipande. Juu ya mawe usikate. Pipa lisilo na kitako likikaa juu ya jiwe, maji yake meusi hayana pa kuzama: yanashuka kwa jirani wa chini, yanaingia mtaroni, kisha Mto Mirongo, kisha Ziwa Victoria. Yamebeba naitrojeni na fosforasi, chakula kilekile kinachostawisha magugu maji. Huko milimani toboa kitako, inua pipa juu ya matofali na weka beseni chini. Maji ya beseni yazimue kwa maji mengi, umwagilie miti.

Sasa harufu. Tumelisema hili kwenye mikutano ya mitaa mpaka tumechoka: mboji iliyotunzwa hainuki. Inanuka ikizidiwa maji na kukosa hewa. Mtu anajaza maganda ya ndizi, ya viazi na ukoko wa ugali, halafu anaongeza ndoo ya maji "ili ioze haraka". Kwa kila ndoo ya vitu vibichi, weka ndoo mbili au tatu za vikavu: majani makavu, nyasi, maranda, au pumba za mpunga kutoka mashine ya kukoboa. Chota konzi moja, uikamue kwa nguvu. Matone mawili yakitoka kati ya vidole, unyevu unatosha. Yakichuruzika, ongeza vikavu na ugeuze. Geuza kila baada ya wiki moja au mbili, na kwa kawaida mboji huwa tayari baada ya miezi mitatu hadi sita.

Matumbo ya sangara hayaingii. Vichwa vya sato na dagaa walioharibika hawaingii, hata ukiwafukia. Tunaambiwa kwamba samaki naye anaoza. Ni kweli, hatubishani. Makorongo nao wanajua, na panya pia.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Anayekutwa nayo hutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Kuificha ndani ya mboji hakukuondolei kosa.

Kwa walio kando ya ziwa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kizimba cha mboji cha tofali na saruji ni cha kudumu, hata ukikiita cha muda.

Kuwa na pipa la mboji hakukusamehe ada ya taka. Chupa, nepi na majivu ya plastiki uliyochoma bado vinahitaji gari.

Jirani akikukera, anza naye mwenyewe. Ikishindikana, nenda kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, naye atamwita afisa afya wa kata. Afisa huyo hukagua na kutoa notisi ya maandishi yenye muda wa kurekebisha. Kero ikiondolewa ndani ya muda, jalada hufungwa bila faini. Isipoondolewa, mhusika anaweza kukiri kwa maandishi na kosa likafifilishwa, yaani likamalizwa kwa faini bila kesi, au shauri likaenda mahakamani. Faini hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na unapewa stakabadhi. Mgambo hapokei fedha mkononi. Na kumwaga pipa la jirani mtaroni ni kosa lako wewe, si lake, hata kama lilikuwa linanuka.