Je, wajua kwa nini kisa cha Mashahidi wa Uganda hakikamiliki bila Mumias, mji wa magharibi mwa Kenya?

Mei ikikaribia kwisha, barabara ya Kisumu kuelekea Busia na ile ya Bungoma kuelekea Malaba hupata wasafiri wa namna yake. Huenda kwa miguu, makundi makundi, bendera ya parokia mbele na rozari mkononi. Wanawahi Namugongo, nje kidogo ya Kampala, walikouawa wengi wa Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliokufa kwa ajili ya imani kati ya 1885 na 1887, kwa sikukuu yao ya Juni 3. Nyumbani wameacha watoto waitwao Kizito, Lwanga na Mukasa, majina ya Kiganda ya mashahidi hao, ambayo katika vijiji vya Waluhya na Wajaluo yamezoeleka mno, hata hakuna anayeuliza yalifikaje.

Mimi niliuliza. Nilikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara, nikamwambia katekista wetu: "Mwalimu, mbona tunawaita watakatifu wetu na wao ni wa Uganda?" Akanijibu kwa upole kwamba mpaka ulichorwa baadaye. Nilidhani ananikwepa. Miaka mingi ilipita kabla sijatambua kwamba alikuwa amenipa jibu lenyewe.

Hadi Aprili 1, 1902, Kisumu, Kakamega, Busia, na hata Nakuru zilikuwa upande wa Uganda kwenye ramani za Waingereza. Ndiyo maana reli iliyotoka Mombasa na kuishia Kisumu iliitwa Reli ya Uganda. Mapadre wa Mill Hill, shirika la wamisionari Wakatoliki, walioingia Kisumu mwaka 1903, kisha Mumias mwaka uliofuata, walitokea Uganda, na kwa zaidi ya miaka 20 Wakatoliki wa magharibi mwa Kenya walikuwa chini ya askofu aliyekaa kule. Roma iliitenga Kavirondo, jina la zamani la eneo hili letu, ikawa jimbo la kitume linalojitegemea mwaka 1925 tu. Kwa hiyo waliotuletea ubatizo walitoka katika Kanisa ambalo kumbukumbu ya Namugongo ilikuwa bado mbichi.

Lakini kuna kiungo cha zamani zaidi, na hicho ndicho ninachotamani kila anayeimba litania ya watakatifu akijue. Ni njia iliyopita Mumias mwaka 1885.

Wakati huo Mumias ilikuwa makao ya Nabongo, yaani mfalme, wa Wanga, na misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa imeshazoea kupumzika hapo na kununua chakula. Wasafiri walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, baba yake Mumia. Mnamo Oktoba 1885 ulifika hapo msafara wa askofu Mwanglikana James Hannington, Mwingereza mwenye umri wa miaka 38. Alikuwa ameondoka pwani Julai, na badala ya kuzungukia kusini mwa ziwa kama wamisionari wengine walivyofanya, alikata moja kwa moja katikati ya nchi ya Wamaasai. Njia hiyo ilikuwa fupi zaidi, na hewa yake ilikuwa nafuu kwa mgeni. Mvumbuzi Joseph Thomson alikuwa ameipita miaka miwili tu kabla yake.

Hannington aliwaacha wapagazi wengi Kwa Sundu chini ya shemasi William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani, naye akaendelea na watu 50 kuelekea Busoga. Hakujua alichokuwa akikanyaga. Huko Buganda watu waliamini kwamba adui atakayeiteka nchi yao atatokea mashariki, kupitia Busoga. Na mwaka huohuo habari zilikuwa zimefika kwamba Wajerumani wananyakua ardhi huku pwani. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu kitini, akasikia kwamba mzungu anakuja kwa mlango wa nyuma. Wamisionari waliokuwa Buganda walimsihi asimdhuru mgeni huyo, lakini amri ilikuwa imeshatoka.

Oktoba 21 Hannington alikamatwa kwa chifu Luba na kufungiwa kibandani. Shajara yake ilipatikana baadaye, na kurasa za mwisho zinauma. Akiwa na homa aliandika kwamba fisi alilia karibu naye usiku, kana kwamba amenusa mgonjwa, na kwamba Zaburi ya 30 ilimtia nguvu. Hayo aliyaandika Oktoba 29, siku aliyouawa pamoja na wapagazi wake, watu wa pwani ambao kwa bahati mbaya majina yao hayasomwi popote kanisani. Wachache waliponyoka. Jones alikaa Kwa Sundu akisubiri hadi Desemba, kisha akageuza msafara kurudi pwani.

Sasa tuingie ikulu ya Kabaka. Mkuu wa vijana waliohudumu humo alikuwa Mkatoliki aitwaye Yosefu Mukasa Balikuddembe. Habari za Busoga zilipofika, yeye alimwendea Mwanga na kumwambia waziwazi kwamba ametenda uovu kumwua mgeni ambaye hakumsikiliza hata mara moja.

Hapa naomba tutulie kidogo. Miaka ile, kule Buganda, Wakatoliki na Waprotestanti hawakupendana. Wamisionari wao walibishana mbele ya Kabaka mwenyewe. Hannington hakuwa wa kanisa la Balikuddembe, hakuwa wa lugha yake, na wala hawakuwahi kuonana. Angenyamaza, nani angemlaumu? Ni kweli kwamba hiyo haikuwa hatia yake pekee machoni pa Kabaka. Alikuwa pia akiwaficha wavulana ambao Mwanga aliwataka kimwili, na dawa aliyopewa Mwanga na padre Mfaransa ilipomchafua, lawama ilimwangukia Balikuddembe aliyemleta padre huyo. Lakini kukemewa kwa ajili ya askofu yule ndiko kulikomchoma Kabaka.

Novemba 15, 1885, wiki mbili na ushei tu baada ya kifo cha Hannington, Balikuddembe aliongozwa kwenda kuchomwa moto. Alikataa kufungwa kamba. Alimwagiza mnyongaji akamwambie Mwanga kwamba amemsamehe, ila atubu. Mnyongaji akamhurumia, akamkata kichwa kwanza, ndipo akauchoma mwili. Huyo ndiye shahidi wa kwanza Mkatoliki wa Uganda: mtu aliyekufa kwa sababu alisema neno juu ya damu ya Mwanglikana aliyepitia Mumias.

Kiswahili chetu kinalieleza jambo hili vizuri ajabu. Tunasema "shahidi" kwa yule anayesimama mahakamani kueleza alichokiona, na tunasema "shahidi" kwa aliyekufa kwa ajili ya imani. Kigiriki cha Agano Jipya kina neno moja vilevile, martys, lenye maana ya mtoa ushahidi. Neno "mfiadini" ni zuri pia, ila linatutajia kifo tu. "Shahidi" linakumbusha kwamba kabla ya kufa, mtu huyo alifungua kinywa. Ni kwa sababu hiyo pia Kanisa halidai muujiza ili kumtangaza shahidi kuwa mwenyeheri: kifo chake chenyewe kimeshasema. Muujiza hudaiwa baadaye, kwa hatua ya utakatifu.

Usiku uleule wa Novemba 15, kijana Karoli Lwanga alibatizwa. Akapewa kazi ya Balikuddembe ikulu, na akaendelea kuwakinga wavulana. Mei 1886 hasira ya Mwanga ililipuka huko Munyonyo, ufukweni mwa ziwa. Usiku wa kusubiri hukumu, Lwanga aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanafunzi wa ubatizo, akiwemo Kizito, mdogo wa wote, mwenye umri wa miaka kama 14. Juni 3, siku ya Kupaa kwa Bwana, wakateketezwa Namugongo, wakiwa wamefungwa ndani ya matete. Lwanga alitengwa akachomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Mbaga Tuzinde alilelewa na Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, kama mwanawe. Mzee huyo alimsihi akubali kufichwa, kijana akakataa, na mwisho akaamuru apigwe shingoni kwanza ili asisikie moto.

Si wote waliokufa siku hiyo. Vifo vilianza Januari 1885 kwa vijana watatu Waanglikana, vikaisha Januari 1887 kwa Yohane Maria Muzeeyi. Matia Mulumba, mzaliwa wa Busoga, alikatwakatwa viungo akaachwa siku kadhaa hadi akakata roho. Juni 3 imechaguliwa kwa sababu ndiyo siku waliyouawa wengi kwa pamoja. Jumla wanahesabiwa 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Papa Paulo VI alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu, Oktoba 18, 1964, aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristo. Papa Fransisko alipofika Namugongo Novemba 2015 akitoka Nairobi, alisimama kwanza kwenye madhabahu ya Waanglikana, ndipo akaenda kwenye basilika kusali Misa. Balikuddembe alikuwa ameionyesha njia hiyo miaka 130 kabla.

Nikiwaona mahujaji wetu wakivuka mpaka Busia, huwa nafuata safari yao kwa mawazo: Bugiri, Iganga, kisha Jinja. Yote hiyo ni Busoga. Siku aliyokamatwa, Hannington aliandika kwamba alipanda mlima mdogo akaiona Nile, mwendo wa nusu saa tu kutoka aliposimama. Hakuufikia mto huo. Mama wa Butere na kijana wa Ugunja, miguu ikiwa na malengelenge na rozari ikiwa kwenye fungu la nne, wanauvuka kwa daraja.