Maana ya shoti katika kujitengenezea kompyuta mpakato

Neno "shoti" lina maana mbili katika Kiswahili cha kila siku, na kuzichanganya humponza anayefungua kompyuta mpakato yake mwenyewe. Mtu akisema "nimepigwa shoti", ana maana kwamba umeme umempitia mwilini. Akisema "nyaya zimepiga shoti", ana maana kwamba umeme umepata njia ya mkato na kupita mahali usipotakiwa. Betri nyingi za kompyuta mpakato zina volti kati ya 7 na 17 hivi, kiasi ambacho vidole vikavu havikihisi. Kwa hiyo mtu huchomoa chaja, hugusa ndani asisikie chochote, akaamini kwamba umeme umekwisha, ilhali betri bado inaulisha ubao mama, yaani ubao mkuu wenye vipuri vya kompyuta, au mazabodi kama mafundi wengi wasemavyo.

Ndani ya ubao huo umeme hugawanywa. Volti 19 au 20 za chaja hushushwa kuwa 5, kisha 3.3, hadi kufikia takriban volti 1 inayotumiwa na prosesa, na kila kiwango kina njia yake. Njia mojawapo ikigusana na upande wa hasi, mkondo hupanda ghafla, na mara nyingi saketi za ulinzi hukata umeme au fyuzi hukatika kabla ya madhara makubwa. Shoti mbaya zaidi ni ile inayounganisha njia ya volti nyingi na njia ya volti chache, kwa sababu huko mara nyingi hakuna fyuzi ya kuokoa kitu: volti 19 zikiingia kwenye njia ya volti 1, chipu iliyo mwishoni mwa njia hiyo hufa papo hapo, pengine bila cheche wala harufu.

Mfano wake ulio wazi ni waya wa kioo, yaani unaounganisha skrini na ubao mama. Plagi yake huwa na pini 30 au 40 zilizopangwa karibu karibu, nusu milimita au pungufu kati ya moja na nyingine. Baadhi ya pini hizo hupeleka umeme wa taa ya nyuma ya kioo, ambao aghalabu hukaribia volti za betri au chaja, na nyingine hubeba mawimbi ya picha moja kwa moja kutoka kwenye chipu ya michoro. Mtu akiichomoa plagi hiyo kwa kuipindisha upande mmoja huku betri ikiwa imeunganishwa, pini huweza kugusa jirani yake. Baadaye hufunga kioo kipya, kompyuta inabaki giza, naye humlaumu muuza kioo.

Kinga yenyewe si ngumu. Zima kompyuta kabisa, usiiache usingizini; chomoa chaja, fungua kifuniko, kisha chomoa plagi ya betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote, ukitumia kijiti cha plastiki badala ya bisibisi. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 au 15 ili kapasita, yaani vipuri vidogo vinavyohifadhi umeme, zimalize umeme zilioubakiza. Skrubu nazo zipangwe juu ya karatasi kwa mpangilio wa matundu yake, kwani skrubu ndefu ikikazwa kwenye tundu fupi inaweza kupasua ubao na kuunganisha tabaka zake za shaba. Gusa pia chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kushika vipuri. Binadamu hahisi umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini, mpaka ukaribie volti 3,000, na vipo vipuri vinavyoharibika chini ya volti 100.

Shoti ikishatokea, acha kujaribu chaja tena na tena. Ukiwa umeondoa chaja na betri, weka waya mweusi wa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, kwenye hasi, kwa mfano pete ya shaba ya tundu la skrubu, na mwekundu kwenye koili (vipuri vyenye waya uliosokotwa ndani) za njia za umeme. Koili ya njia ya volti 19, 5 au 3.3 ikisoma karibu na omu 0 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), hapo pana shoti. Koili za prosesa ni jambo jingine: kwa kawaida husoma omu chache sana, hata chini ya 1, na wanaoanza hudhani hiyo ni shoti, wakahukumu mbao zisizo na kasoro.

Mara nyingi mkosaji ni kapasita ndogo ya kauri iliyopasuka ndani. Mafundi humsaka kwa kuingiza volti 1 hivi kwenye njia yenye shoti, kutoka kwenye pawasaplai (kifaa cha kutolea umeme) yenye kikomo cha ampea, huku wamepaka alkoholi ya isopropili kidogo, mbali na moto. Inapokauka kwanza ndipo penye joto. Kapasita hiyo hutolewa na kuwekwa nyingine ya thamani ileile na volti zilezile au zaidi. Kama kinachopata joto ni prosesa yenyewe, dawa huwa ni ubao mwingine. Fyuzi iliyokatika isirukwe kwa kipande cha waya, maana ilichokatikia bado kipo. Wakati wa kurudishia, waya wa kioo hutangulia na plagi ya betri huwa ya mwisho.