Blót ni nini? Tambiko la kale la Skandinavia na hamu ya kula pamoja

Blót ni neno la lugha ya kale ya Skandinavia, na hutamkwa kwa kuivuta o. Wengine hulifasiri kwa "sadaka", wengine kwa "kafara". Mimi naona tambiko ndilo lililo karibu nalo zaidi, maana ndani yake mna mnyama wa kuchinjwa, mna pombe, mna marehemu wa kutajwa, na mna watu wa eneo moja wanaokula chungu kimoja.

Picha iliyo wazi kuliko zote tumeachiwa na Snorri Sturluson wa Iceland. Huyu alikuwa Mkristo, naye aliandika katika karne ya 13, zaidi ya miaka 200 baada ya mambo yenyewe, kwa hiyo tumsome kwa uangalifu. Anasimulia tambiko la Hlaðir, karibu na Trondheim ya leo, nchini Norwei. Wakulima wa eneo zima walifika, kila mmoja na chakula chake cha siku zote za sherehe. Farasi na mifugo mingine walichinjwa, damu ikakingwa kwenye mabakuli, ikanyunyizwa kwa vijiti kwenye kuta na juu ya watu. Nyama ilitokoswa katika vyungu vikubwa juu ya moto uliowashwa katikati ya ukumbi. Pembe za pombe zikapita: ya mungu Odin kwa ajili ya ushindi wa mfalme, kisha za miungu Njörd na Frey kwa ajili ya mavuno mema na amani. Mwishowe watu walinywa kuwakumbuka jamaa zao waliozikwa.

Katikati ya karne ya 10 mfalme alikuwa Håkon, aliyelelewa Kikristo Uingereza. Yeye alizoea kula kando, katika nyumba yake, pamoja na wachache. Wakulima walinung'unika: mbona mfalme hakai nasi? Ikabidi aingie ukumbini. Alipopewa pembe akaichorea alama ya msalaba, wakamaka. Sigurd, mkuu wa eneo hilo, akawahi kumwokoa: hiyo ni alama ya nyundo ya mungu Thor! Kesho yake wakamtaka ale nyama ya farasi. Akakataa. Basi anywe mchuzi. Akakataa. Nusura wamvamie, mpaka Sigurd akamshauri aachame tu juu ya mpini wa chungu, uliokuwa na mafuta ya mvuke wa nyama. Mfalme akauzungushia kitambaa cha kitani mpini ule, akaachama. Hakuna upande ulioridhika.

Kisa hiki ndicho kinachonieleza blót kuliko kamusi yoyote. Wale wakulima hawakumuuliza mfalme anaamini nini moyoni. Walitaka ale nao. Aliyekula kando alikuwa amejitenga nao, na mavuno na amani vilikuwa vyao wote.

Mwaka 1000 hivi, baraza kuu la Iceland liliamua nchi nzima ibatizwe, ila likaruhusu matambiko ya siri kwa muda. Ruhusa hiyo nayo ikaondolewa baadaye. Mwaka 1972 Sveinbjörn Beinteinsson, mshairi na mfugaji wa kondoo, alianzisha na wenzake Ásatrúarfélagið, chama cha kufufua imani hiyo ya kale, na serikali ikakitambua mwaka 1973. Leo kina wanachama zaidi ya 5,000.

Hamu ya maisha ya kale ilikuwa imetangulia huko Ulaya, hasa Ujerumani ya viwanda. Mwaka 1887 Ferdinand Tönnies, mwanasosholojia wa huko, alitenganisha maisha ya undugu na ujirani na maisha ya mjini, ambako watu huunganishwa na mikataba na maslahi. Hamu ya namna hiyo ilifika hadi Kilimanjaro. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyekuja mwaka 1902, aliona kwa Wachaga ukoo, ujirani na rika, vifungo ambavyo kwao Ujerumani aliona vinakatika, akataka kanisa lijengwe juu yake.

Lakini hamu huchagua cha kukumbuka. Jamii ile ya Skandinavia ilikuwa na watumwa, na sijaona anayetamani kurudi kuwa mmoja wao. Baya zaidi, Wanazi waliichukua miungu na alama hizo wakazifanya hoja ya ubaguzi wa damu, na hadi leo wapo wanaofuata njia hiyo. Ásatrúarfélagið wamelikataa jambo hilo waziwazi, kama walivyokataa kuchinja wanyama kwenye ibada.

Kwa hiyo blót ya Iceland sasa haina damu. Watu hukusanyika nje, moto huwashwa, beti za kale husomwa, na pembe hupita mkono kwa mkono. Kisha wote huenda mezani kula pamoja.