Dante alimhukumu Papa, si upapa

Wengi wanaoanza kusoma Divina Commedia, shairi refu la Dante Alighieri la safari ya kupita Jehanamu, Toharani na Paradiso, huishia Jehanamu, ile sehemu ya kwanza yenye nyimbo 34, wakiamini kwamba mshairi alikuwa analipa kisasi tu. Sababu ya kisasi ilikuwepo. Mwaka 1302 Guelfi Weusi, kundi la kisiasa lililoitwaa Firenze, mji wa Dante, kwa msaada wa Papa Boniface VIII, walimhukumu Dante kwenda uhamishoni, kisha kuchomwa moto akikamatwa.

Soma wimbo wa 19 wa Jehanamu polepole. Waliouza vyeo vya Kanisa wamechomekwa kichwa chini katika mashimo ya mwamba. Miguu tu iko nje, na moto unatambaa kwenye nyayo toka kisigino hadi vidoleni. Mmoja wao, Papa Nicholas III, anahisi mtu amesimama juu yake, anadhani ni Boniface amewahi kufika. Safari ya shairi ni ya Pasaka ya 1300, na Boniface alikufa 1303: shimo lake limeandaliwa angali hai! Lakini katikati ya karipio lake, Dante anasema heshima kwa funguo za Petro, yaani mamlaka ya upapa, ndiyo inayomzuia asitoe maneno makali zaidi. Wengi huuruka mshororo huo, na hapo ndipo wanapopotea.

Maana katika Toharani, sehemu ya pili, wimbo wa 20, kinatajwa kisa cha Septemba 1303, watu wa Mfalme Philip IV wa Ufaransa walipomvamia Boniface huko Anagni. Dante hashangilii. Anaona Kristo akikamatwa tena katika wakili wake, akinyweshwa siki na nyongo. Cheo ni dhamana, na Dante anamshtaki mwenye dhamana kwa sababu anaiheshimu dhamana yenyewe.

Hoja kamili iko Toharani 16, kinywani mwa Marco wa Lombardia, roho ambaye Dante anakutana naye huko: Roma ilikuwa na majua mawili, moja la kuangaza njia ya dunia, moja njia ya Mungu. Sasa moja limezima jingine, upanga wa mtawala umeunganishwa na fimbo ya mchungaji wa Kanisa, na hakuna tena wa kumwogopa mwenzake. Kwa Dante utawala wa dunia nao ni wito wa Mungu. Ndiyo maana Kaisari Henry VII, aliyekufa 1313 bila kuiunganisha Italia, amewekewa kiti katika Paradiso, sehemu ya tatu, wimbo wa 30.

Kama huna muda wa mishororo yote 14,233, fuata wimbo wa 6 wa kila sehemu: wa kwanza unahusu Firenze, wa pili Italia, wa tatu Dola nzima ya Roma, ukisimuliwa na Kaisari wake wa zamani, Justinian.