Simu inalia lakini husikii mtu? Usiishie kwa poti 5060

Wiki iliyopita nilikuwa Umoja, Nairobi, kwa mama mmoja anachukua oda za keki kwa simu, ameweka kakompyuta kadogo kenye Asterisk, programu ya kugeuza kompyuta kuwa kituo cha simu, hapo sebuleni ili namba yake ya 020 ilie kwake na kwa binti yake. Akaniambia, "Kijana wangu, simu inalia vizuri tu, nikishika anayepiga ananisikia, mimi sisikii kitu." Kulikuwa na fundi alishapita, akafungua poti 5060 kwa ruta, yaani mlango wa kuingia kutoka intaneti, akasema kazi imeisha.

Hapo ndio watu wengi wanapotelea. Simu ya intaneti ni vitu viwili vinasafiri njia tofauti. Kuna SIP, hiyo ndio inatumia 5060, na kazi yake ni kusema nani anampigia nani, nani ameshika, nani amekata. Sauti yenyewe inabebwa na RTP, na RTP inapita poti zingine kabisa za UDP (njia ya kutuma data bila kungoja jibu), kwa Asterisk kawaida utapata 10000 hadi 20000. Ukifungua 5060 peke yake simu italia siku nzima na sauti ya mteja itaishia kwa ruta.

Lakini kabla uguse poti yoyote angalia kama uko na IP ya nje (anwani ya nyumba yako kwa intaneti) yako mwenyewe. Ingia kwa ruta uone IP ya upande wa intaneti, kisha ulize tovuti yoyote ya kuonyesha IP. Zikilingana, endelea. Kama ya ruta inaanza na 10 au iko kati ya 100.64 na 100.127, kampuni yako ya intaneti imewaweka watu wengi nyuma ya IP moja na utafungua poti mpaka asubuhi bila kitu kuingia, nimeona mtu akipoteza wikendi nzima hivyo na inaniuma kwa sababu ni kitu ya kuangalia dakika mbili. Hapo waombe IP ya kwako, ama ukodishe seva ndogo huko nje na uunganishe nyumba nayo kwa WireGuard, programu ya kutengeneza njia ya siri kati ya kompyuta mbili, juu hapo nyumba ndio inapiga kwenda nje.

Huyo mama alikuwa na IP yake. Kwanza nikaifungia ile kompyuta IP moja ya ndani, 192.168.1.50, ndio isibadilike stima ikipotea na kurudi. Nikapunguza poti za RTP kwa faili ya Asterisk ya rtp.conf ziwe 10000 hadi 10100, kwa nyumba ya simu mbili hizo ni nyingi bado, nikazielekeza kwa hiyo kompyuta, UDP. Bado kimya. Shida ilikuwa Asterisk inawaambia watu wa upande ule "nitumieni sauti kwa 192.168.1.50", na hiyo ni anwani ya ndani ya nyumba, hakuna mtu Marekani ama hata Donholm hapo jirani anaweza kuifikia. Kwa faili ya pjsip.conf nikaweka IP ya nje kwa external_media_address na external_signaling_address, halafu local_net, yaani mtandao wa ndani ya nyumba, ikawa 192.168.1.0/24. Pia nikazima SIP ALG kwa ruta, hiyo inajifanya inasaidia kumbe inabadilisha ujumbe wa SIP njiani na kuharibu, mimi huizima kila nyumba.

Tafadhali usiache 5060 wazi kwa dunia nzima. Kuna programu zinazunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu namba za ndani za simu kama 100, 101, 102 na paswadi rahisi, zikipata moja zinapiga simu za nje ya nchi na bili inakuja kwako. Ruhusu IP za kampuni inayokupa namba peke yake, na uzuie simu za nje ya nchi kama huzihitaji.

Na kama unatumia tu programu ya simu kwa kompyuta ama kwa simu ya mkononi, hauna seva nyumbani, usifungue poti yoyote, hiyo inajisajili yenyewe kutoka ndani na njia inabaki wazi.

Kupima, usikae kwa waifai ya nyumba, ruta nyingi hazikubali utoke halafu urudi ndani kwa IP yako ya nje. Mimi nilitoka mpaka kwa geti, nikazima waifai, nikapiga ile 020 na laini ya kawaida. Binti ndio alishika, nikamwuliza kama ananisikia, akaita mamake.