Kwa nini eksirei huiona sarafu lakini huukosa mwiba wa mgebuka?

Anayekula mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, aliyepikwa kwa mawese huku akipiga soga, iko siku atakwamwa na mwiba. Kigoma hilo si jambo la kushangaza. Atameza tonge kubwa la ugali, atakunywa maji, atakohoa mpaka machozi yamtoke, na mwisho ataenda hospitali, Maweni au kwingineko, akitaka jambo moja tu: apigwe eksirei. Picha inatoka, mwiba hauonekani. Kinachomuudhi zaidi ni kwamba pale pale kuna mtoto aliyemeza sarafu, na sarafu hiyo imetokea kwenye picha waziwazi hata kwa asiyejua kusoma picha. Mashine ni ile ile. Imekuwaje?

Wengi tunaamini eksirei inaona vitu vigumu na kuviacha vilaini. Sivyo. Kibanzi cha mninga kikikuingia mguuni ni kigumu kweli, ila mionzi hukipita karibu kama hakipo. Picha ya eksirei ni kivuli, na swali lake ni moja: hapa mionzi mingapi imezuiwa njiani?

Mionzi yenyewe huzalishwa ndani ya bomba lisilo na hewa. Uzi wa tangsteni hupashwa moto hadi utoe elektroni, kisha umeme wa makumi elfu ya volti huzisukuma elektroni hizo zikagonge kipande cha metali kwa kasi kubwa. Asilimia 99 hivi ya nguvu hiyo huishia kuwa joto tu. Kinachobaki, kama asilimia 1, ndicho mionzi ya eksirei. Mionzi inapita mwilini na kupokelewa na bamba upande wa pili. Palipofikiwa na mionzi mingi hutokea peusi, palipopungukiwa hutokea peupe.

Sasa, nani anaizuia? Kazi kubwa hufanywa na atomu zenyewe. Nyama, ngozi na mate vimejaa kaboni, oksijeni na haidrojeni, atomu ndogo. Mfupa una kalsiamu. Sarafu ina metali kama chuma, nikeli au shaba. Kila atomu ina namba yake, yaani idadi ya protoni kwenye kiini chake: oksijeni 8, kalsiamu 20, shaba 29. Tofauti hizo zinaonekana za kawaida, ila uwezo wa atomu kumeza mionzi ya aina hii hupanda takriban kwa namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Piga hesabu: oksijeni 8 × 8 × 8 ni 512, kalsiamu 8,000, shaba 24,389. Ndiyo maana picha maarufu ambayo Wilhelm Röntgen aliupiga mkono wa mkewe Desemba 1895, wiki chache baada ya kuigundua mionzi hii, ilionyesha mifupa vizuri, na pete kwa uwazi zaidi ya mifupa.

Mtu atauliza: mwiba nao si mfupa? Ni mfupa, na kalsiamu unayo. Tatizo ni wembamba. Mwiba wa samaki mara nyingi haufiki hata milimita moja, na mionzi inayoukuta imeshapita au itapita kwenye sentimita kadhaa za nyama ya shingo. Kiasi unachozuia ni kidogo mno kuleta weupe wa kuonekana. Samaki nao hawalingani. Kuna aina ambazo miiba yake huonekana kiasi, na nyingine haziachi dalili yoyote.

Halafu koo lenyewe lina hila zake. Gegedu (mifupa laini) za zoloto, yaani kisanduku cha sauti, kwa mtu mzima huanza kuingiwa na kalsiamu umri unavyosogea, zikatoa vistari vyeupe kwenye picha. Kutafuta mwiba hapo ni kutafuta uzi mweupe juu ya shuka jeupe. Ndiyo maana shingo hupigwa kwa ubavu, ili uti wa mgongo usifunike koo, na daktari hatafuti mwiba peke yake. Huangalia pia kama nyama iliyo mbele ya uti imevimba, au kama kuna hewa mahali isipotakiwa.

Turudi kwa mtoto, maana kwake picha ina mengi ya kusema. Sarafu ikionekana duara kamili kwenye picha ya mbele, kwa kawaida iko kwenye umio, njia ya chakula. Ikionekana kwa ukingo wake, daktari hushuku njia ya hewa. Lakini duara hilo likiwa na mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine, hiyo huenda si sarafu. Ni betri ndogo bapa, zile za saa na rimoti, na hapo hakuna kusubiri: ikinasa kwenye umio inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2.

Kwa mwenye mwiba, tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi huwa na faida kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu miiba mingi hunasa juu, kwenye tonsili au shina la ulimi. Isipoonekana hapo hutumika kioo kidogo au kamera nyembamba. Sitiskani (CT scan) huuona mwiba vizuri zaidi, kwa kuwa hukata picha vipande vipande badala ya kurundika vivuli vyote pamoja, lakini mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei ya kawaida, hivyo si ya kila aliyekwamwa. Wapo pia ambao mwiba ulishapita, ukaacha mkwaruzo unaochoma siku moja au mbili.

Lile tonge la ugali mimi ningeliacha. Linaweza kuusukuma mwiba uzame zaidi. Na mwenye homa, shingo iliyovimba, damu mdomoni, au anayeshindwa hata kumeza mate, arudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama aliambiwa picha yake ni safi.